Injini Ndogo Zinazoshikilia Setilaiti Mahali Pake, na Gharama ya Kuziboresha

Ukipita Ngamiani, Makorora au Chumbageni mjini Tanga na kutazama juu ya mapaa ya bati, utaona madishi ya televisheni yameelekezwa upande mmoja. Madishi ya Azam TV yanatazama magharibi, yakiegemea kaskazini kidogo, kwa sababu setilaiti za Eutelsat zinazobeba matangazo hayo ziko juu ya ikweta kwenye longitudo ya nyuzi 7 mashariki, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Fundi akishapata mawimbi kwenye kipimo chake na kukaza nati, dishi hilo hukaa miaka bila kuguswa, isipokuwa pale upepo wa kusi unapolisogeza au kutu ya chumvi ya bahari inapokula vyuma vyake. Ni rahisi basi kudhani kwamba setilaiti nayo imetulia huko juu kwa asili yake. Haijatulia. Mvuto wa Jua na Mwezi huuinamisha mzingo wake kwa karibu nyuzi moja kila mwaka, na umbo la Dunia, ambayo si duara kamili, huivuta taratibu kuelekea mashariki au magharibi. Ikiachwa bila kurekebishwa, baada ya miaka michache itaonekana kutoka Tanga ikipanda kaskazini na kushuka kusini kila siku, na mtazamaji atapata picha saa fulani na kuona chenga saa nyingine, bila dishi lake kuwa na kosa lolote.

Kinachozuia hali hiyo ni injini ndogo zilizofungwa kwenye mwili wa setilaiti. Wanaoiongoza kutoka ardhini huipangia eneo la angani lenye upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya nyuzi, ambalo kwa kimo kile ni kama kilomita 74, na kila inapokaribia ukingo wa eneo hilo huiamuru iwashe injini na kurudi. Injini za aina hiyohiyo, zikiwa kubwa zaidi, ndizo zinazoivusha setilaiti kutoka kwenye mzingo mrefu wa duaradufu ambako roketi iliiacha hadi kwenye mzingo wa duara unaotakiwa, na ndizo zinazokipunguza kasi chombo kinachofika kwenye sayari nyingine ili kisipitilize. Makala haya yanahusu namna injini hizo zinavyoboreshwa. Swali hilo lina ugumu wake, kwa kuwa karibu kila hatua ya kuzifanya ziwe bora katika jambo moja hulipiwa katika jambo jingine, na anayetazama tarakimu moja tu ya ubora anaweza kuharibu chombo kizima akidhani anakiboresha.

Tuanze na kile ambacho injini ya angani inanyimwa. Mvuvi wa pale Deep Sea, Tanga, anayetoa mashua kwenye maji mafupi huchomeka mpondo chini na kujisukuma. Akifika kwenye kina huchukua kasia na kuyasukuma maji. Chombo cha anga hakina chini ya kuchomeka wala maji ya kusukuma. Kitu pekee kinachoweza kukisukuma ni kile kilichobebwa ndani yake chenyewe, ambacho hutupwa nyuma kwa kasi kubwa ili chombo kisogee mbele. Kitu hicho kikiisha, mwendo hauwezi kubadilishwa tena, hata kama mitambo yote ya mawasiliano ni mizima na paneli za sola zinatoa umeme kama siku ya kwanza. Setilaiti nyingi za mawasiliano hustaafishwa kwa sababu hiyo tu.

Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule nchini Urusi, alichapisha mwaka 1903 hesabu inayotawala suala hili lote. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba badiliko la kasi ambalo chombo kinaweza kupata linategemea mambo mawili: uwiano kati ya uzito wa chombo kikiwa kimejaa mafuta na uzito wake mafuta yakiisha, na kasi ya gesi inayotoka kwenye nozeli, yaani mdomo wa injini uliopanuka kama tarumbeta. (Hapa neno mafuta nalitumia kwa maana pana, likijumuisha kila kinachobebwa ili kitupwe nyuma.) Nguvu ya msukumo wa injini haimo katika hesabu hiyo. Injini yenye msukumo mdogo sana inaweza kulifikia badiliko lilelile la kasi kama injini yenye nguvu, mradi ipewe muda. Kwa hiyo wahandisi wanaposema wameongeza ubora wa injini ya kuongozea chombo, mara nyingi wanamaanisha kwamba gesi sasa inatoka kwa kasi zaidi, na kilo moja ya mafuta inafanya kazi kubwa zaidi. Kipimo hicho wao hukitaja kwa sekunde, wakigawanya kasi ya gesi kwa mchapuko wa mvutano wa Dunia. Injini yenye sekunde 316 ni ile ambayo gesi yake hutoka kwa mita 3,100 hivi kwa sekunde.

Tuchukue mfano wenye tarakimu. Setilaiti ina uzito wa kilo 3,000 inapoachwa na roketi, na inahitaji badiliko la kasi la mita 1,500 kwa sekunde ili ifike kwenye mzingo wake. Ikiwa na injini ya mita 3,100 kwa sekunde, itateketeza kilo 1,151 za mafuta katika safari hiyo. Ikipewa injini ya mita 3,200, ambayo ni nyongeza ya asilimia 3 tu, itateketeza kilo 1,123. Kilo 28 zilizookolewa zinaonekana haba. Lakini kuirudisha setilaiti mahali pake dhidi ya mvuto wa Jua na Mwezi huhitaji takriban mita 50 kwa sekunde kila mwaka, na kwa setilaiti iliyobaki na kilo 1,850 hilo hula mafuta ya kilo 33 hivi. Kilo 28 ni miezi kumi ya ziada ya kurusha matangazo. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini watu hutumia miaka kadhaa kuitafuta asilimia moja.

Hata hivyo, injini si mahali pa kwanza pa kutafuta akiba. Mita 1,500 nilizozitaja ni hitaji la setilaiti iliyorushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ambako kuna nyuzi 5 tu kaskazini mwa ikweta, umbali ule ule ambao Tanga inao upande wa kusini. Ikirushwa kutoka Cape Canaveral huko Florida, kwenye nyuzi 28.5, hitaji hupanda hadi mita 1,800 hivi, kwa kuwa mzingo wake unaanza ukiwa umeinama na lazima unyooshwe. Kwa setilaiti yetu, hiyo ni kilo 170 zaidi za mafuta, mara sita ya kile kilichookolewa na injini bora. Waitalia waliliona jambo hili mapema walipoweka jukwaa la kurushia roketi baharini karibu na Malindi. Setilaiti yao ya San Marco 2 iliondoka hapo Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikarushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei iliyopewa jina la Uhuru. Pwani yetu ina thamani ya mafuta ambayo hakuna fundi wa nozeli anayeweza kuifikia, nami naona ni haki ijulikane zaidi kuliko inavyojulikana.

Sasa turudi kwenye injini yenyewe. Aina iliyotumika zaidi kwa kazi kubwa huchoma vimiminika viwili, monomethilihaidrazini upande wa mafuta na tetroksidi ya nitrojeni upande wa kioksidishaji, yaani kimiminika kinachotoa oksijeni ya kuyachoma mafuta hayo. Sifa yao kuu ni kwamba vikigusana huwaka vyenyewe. Hakuna cheche wala plagi. Vali mbili zikifunguka, moto upo, na zikifungwa, moto umezimika. Kwa mtambo unaotakiwa kuwaka mara mia kadhaa mahali ambapo hakuna fundi wa kuufikia, uhakika huo una thamani kuliko karibu sifa nyingine yoyote. Vimiminika hivyo husukumwa kuelekea kwenye chemba ya mwako na gesi ya heli iliyoshindiliwa kwenye tangi la pembeni, ili kuepuka pampu zenye sehemu zinazozunguka.

Njia ya kwanza ya kuongeza kasi ya gesi ni kurefusha na kupanua nozeli. Angani hakuna hewa inayoikandamiza gesi kutoka nje, kwa hiyo inaweza kuendelea kutanuka na kubadilisha joto lake kuwa mwendo kadiri nozeli inavyoiruhusu. Injini kuu za kuongozea za vyombo vya Space Shuttle zilikuwa na mdomo wa nozeli wenye eneo mara 55 ya koo lake, yaani sehemu yake iliyo nyembamba kuliko zote. Injini ndogo za setilaiti za kizazi kilichofuata zilivuka mara 300. Faida yake hupungua haraka, kwa sababu kila nyongeza ya upana huleta uzito, msuguano wa gesi kwenye ukuta, na urefu ambao lazima utoshee ndani ya kichwa cha roketi.

Njia ya pili ndiyo yenye mambo mengi, nayo ni joto. Katika tanuri ya saruji, kama iliyoko Pongwe nje kidogo ya mji wa Tanga, malighafi huchomwa hadi nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi, na tanuri yenyewe imepigwa matofali mazito ya kuhimili moto. Katika chemba ya injini ya setilaiti moto hukaribia nyuzi 3,000, na ukuta ni bati jembamba la metali lisilo na maji ya kulipoza. Joto hutoka kwa njia moja tu, yaani ukuta wenyewe kuwaka wekundu na kulimwaga angani kama mnururisho. Kwa miongo mingi kuta hizo zilitengenezwa kwa aloi ya niobi iliyopakwa silisidi ili isiliwe na kioksidishaji, na mpako huo huanza kuchakaa ukipita nyuzi 1,300 na kitu. Ili ukuta usifike huko, wahandisi walipanga matundu ya injekta, kifaa kinachoingiza vimiminika kwenye chemba, yanyunyize sehemu ya mafuta kwenye ukuta wa ndani, iwe pazia la kuupoza. Mafuta hayo hayaungui vizuri. Yanatoka nje yakiwa yamefanya kazi ya kinga, lakini mchango wake katika kuisukuma setilaiti ni mdogo, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya ufanisi uliokuwa ukipotea.

Ufumbuzi ulipatikana kwa kubadilisha metali. Reni huyeyuka kwenye nyuzi 3,186, ila huliwa na oksijeni kwa kasi. Iridi huyeyuka mapema zaidi, ila oksijeni haiiwezi kirahisi. Chemba ikitengenezwa kwa reni na kuvikwa iridi kwa ndani, ukuta unaweza kufanya kazi karibu na nyuzi 2,200. Pazia la mafuta linapunguzwa, mafuta mengi zaidi yanaungua inavyopasa, na kasi ya gesi inapanda. Kwa njia hiyo injini ya R-4D, iliyobuniwa miaka ya 1960 kwa ajili ya vyombo vya Apollo ikiwa na sekunde 312 au chini ya hapo, iliendelezwa hadi toleo la sekunde 323, na injini ya majaribio iliyofadhiliwa na NASA mwishoni mwa miaka ya 2000 ikafikisha 333. Kutoka 312 hadi 333 ni chini ya asilimia 7, na imechukua takriban miaka arobaini. Kemia yenyewe ina dari yake, na injini hizi sasa zinaigusa.

Pamoja na hayo, metali hizi ni ghali mno, na si kila chombo kinazihitaji. Tarehe 16 Novemba 2022 chombo cha Orion kiliporushwa kuuzunguka Mwezi bila wanaanga, injini yake kuu ilikuwa ile ile ya Space Shuttle yenye sekunde 316, tena si nakala mpya: injini hiyo hasa ilikuwa imekwisha kuruka mara 19 kati ya Oktoba 1984 na Oktoba 2002. Waliochagua hivyo walikuwa na uwezo wa kupata injini yenye tarakimu nzuri zaidi. Walichagua iliyojulikana tabia yake.

Busara ya uchaguzi huo inaonekana ukisoma habari za ajali. Injini za kuongozea chombo hazishindwi mara nyingi kwa sababu chemba imepasuka au nozeli imeyeyuka zenyewe. Zinashindwa kwa sababu ya vali, na hasa vali ndogo zinazopitisha heli kwenda kwenye matangi na kutakiwa kuzuia mvuke usirudi nyuma. Chombo cha Mars Observer kilinyamaza tarehe 21 Agosti 1993, siku tatu kabla ya kuingia kwenye mzingo wa Mirihi, wakati matangi yake yalipokuwa yakitiwa shinikizo. Bodi ya uchunguzi iliona kwamba sababu yenye uwezekano mkubwa ni kioksidishaji kilichokuwa kikivuja polepole kupitia vali hizo kwa miezi ya safari, kikakutana na mafuta ndani ya mabomba ya heli na kuyapasua.

Chombo cha Japani cha Akatsuki kilipatwa na jambo la jamii hiyo hiyo, na kisa chake kinastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu kinaonyesha mnyororo mzima. Kilifika Zuhura tarehe 7 Desemba 2010 kikiwa na injini kuu ya aina mpya, iliyotengenezwa kwa kauri inayostahimili joto kuliko aloi ya niobi. Injini ilitakiwa kuwaka kwa dakika 12. Ilipowaka dakika mbili na nusu hivi chombo kilipoteza mwelekeo, kompyuta ikaizima, nacho kikapita Zuhura na kuendelea kulizunguka Jua. Uchunguzi ulionyesha kwamba mvuke wa mafuta na mvuke wa kioksidishaji ulikuwa umekutana kwenye vali ya bomba la heli wakati wa safari, ukaganda kuwa chumvi, na chumvi hiyo ikaizuia vali isifunguke vya kutosha. Heli haikufika ya kutosha kwenye tangi la mafuta, shinikizo la mafuta likashuka, kioksidishaji kikawa kingi kupita kiasi, joto ndani ya chemba likapanda kuliko ilivyokusudiwa, na nozeli ya kauri ikavunjika. Metali au kauri bora kiasi gani haiwezi kuokoa injini inayopokea mchanganyiko usio sahihi.

Kilichofuata kinafundisha zaidi. Injini kuu ilipojaribiwa mwaka 2011 ilikuwa haina tena nguvu ya maana, kwa hiyo wahandisi wakaamua kutegemea injini ndogo za kugeuzia chombo, ambazo zinatumia haidrazini peke yake. Kioksidishaji kilichobaki kilikuwa sasa mzigo mtupu. Wakakimwaga angani ili chombo kiwe chepesi. Walisubiri miaka mitano hadi chombo kikutane tena na Zuhura, na tarehe 7 Desemba 2015 wakawasha injini nne ndogo kwa dakika zipatazo 20. Akatsuki kikaingia kwenye mzingo na kuanza kazi yake. Haukupatikana huko ufanisi wa juu wa gesi, kwani haidrazini peke yake hutoa sekunde 230 hivi tu. Palikuwapo mpangilio wa mafuta ulioruhusu injini moja kusimama mahali pa nyingine, na hilo kwangu ni ubora wa injini sawasawa na kasi ya gesi, ingawa halina tarakimu yake kwenye jedwali la watengenezaji.

Injini hizo ndogo za haidrazini zina masuala yake. Ndani yake kuna chembe za oksidi ya alumini zilizopakwa iridi, ambazo ni kichocheo. Haidrazini ikizigusa huvunjika kuwa gesi ya moto na kutoka. Kazi yake kubwa ni kutoa misukumo mifupi sana, pengine ya sehemu ndogo ya sekunde, ili kugeuza chombo au kukituliza. Katika misukumo ya namna hiyo ufanisi hushuka chini ya ule ulioandikwa, maana sehemu ya joto la kila msukumo huishia kwenye metali na chembe zilizopoa. Kuwasha chembe zikiwa baridi pia huzipasua kidogo kidogo hadi zinakuwa unga. Kwa hiyo hupashwa kwa umeme kabla ya kuwashwa, na matangi na mabomba nayo hupashwa muda wote, kwa sababu haidrazini huganda kwenye nyuzi 2 hivi. Umeme wa vipasha joto hivyo, na kasi ambayo vali inaweza kufunguka na kufunga, ni sehemu ya ubora wa injini ambayo mjadala wa nozeli huisahau.

Haidrazini vilevile ni sumu kali, na kioksidishaji chake ni sumu. Mnamo Julai 1975, wanaanga watatu wa Marekani waliokuwa wakirudi kutoka kwenye mkutano na chombo cha Soyuz walivuta mvuke wa tetroksidi ya nitrojeni ulioingia ndani ya chombo chao wakati wa kushuka, wakalazwa hospitali huko Honolulu. Ardhini wanaojaza mafuta hayo huvaa mavazi yanayofunika mwili mzima yenye hewa yake. Sweden ilijaribu mbadala usio na sumu kali kwenye setilaiti za PRISMA mwaka 2010, na Marekani ikajaribu wa kwake kwenye setilaiti ya GPIM iliyorushwa Juni 2019. Mafuta hayo mapya ni mazito zaidi kwa ujazo, hivyo tangi lile lile hubeba kazi nyingi zaidi. Bei yake ni joto: huungua kwa mamia ya nyuzi zaidi ya haidrazini, kichocheo kinahitaji kupashwa sana kabla, na tunarudi kwenye suala la metali.

Hatua kubwa kuliko zote ilitoka nje ya kemia. Mwaka 1971 Umoja wa Kisovieti ulirusha setilaiti ya hali ya hewa ya jamii ya Meteor ikiwa na injini ya umeme ambamo gesi ya zenoni hunyang'anywa elektroni, ikawa ayoni, kisha ikasukumwa nje na uga wa umeme ndani ya mfereji uliozungukwa na sumaku. Kasi ya gesi katika injini za namna hii leo ni kama mita 16,500 kwa sekunde, mara tano ya injini za kemikali. Turudi kwa setilaiti yetu ya kilo 3,000. Safari ya kupanda kwa umeme hupita njia ndefu zaidi ya kujizungusha, kwa hiyo tuongeze hitaji kutoka mita 1,500 hadi 2,200. Mafuta yatakayotumika ni kilo 375 hivi badala ya 1,151. Kilo karibu 800 zinabaki kwa ajili ya mitambo ya matangazo, au setilaiti inakuwa nyepesi na kurushwa kwa bei nafuu. Eutelsat 7C, iliyopelekwa Juni 2019 kwenye nyuzi zile zile 7 mashariki ambazo madishi ya Tanga yanazitazama, ni ya aina hiyo: haina injini ya kemikali ya kuipandisha.

Malipo ya faida hiyo ni muda. Injini ya umeme inayotumia kilowati nne na nusu hutoa msukumo wa nyutoni 0.28 hivi, na setilaiti yetu ikiwa na mbili itahitaji zaidi ya miezi minne kufanya kile ambacho injini ya kemikali ya nyutoni 490 ingekifanya kwa jumla ya saa mbili za kuwaka. Katika miezi hiyo mwenye setilaiti haingizi shilingi, na paneli za sola zinapita tena na tena katika mikanda ya mnururisho ya Van Allen, maeneo yanayoizunguka Dunia yenye chembe za nguvu kubwa, inayozichakaza. Kwa chombo kinachofika kwenye sayari na kuwa na dakika chache tu za kupunguza kasi, njia hii haifai isipokuwa safari nzima ipangwe upya kuifuata, kama ilivyofanyika kwa chombo cha Dawn kilichorushwa mwaka 2007, ambacho kwa injini za ayoni kilipata badiliko la kasi linalozidi kilomita 11 kwa sekunde na kuzunguka Vesta kisha Ceres, magimba mawili yaliyo kati ya Mirihi na Mshtarii.

Tatizo la pili ni uchakavu. Ayoni zinazogonga ukuta wa mfereji hung'oa chembe zake, na baada ya maelfu ya saa ukuta huisha na sumaku kubaki wazi. Hapa maendeleo yalikuja kwa njia isiyotarajiwa. Injini ya Marekani iitwayo BPT-4000 ilipokuwa kwenye majaribio ya uhai yaliyozidi saa 10,000, wapimaji waliona kwamba baada ya saa 5,600 hivi ukuta uliacha kuliwa. Watafiti wa JPL, maabara ya NASA, walieleza baadaye kwa nini: ukuta ulipochakaa ulifikia umbo ambalo mistari ya uga wa sumaku ilipita sambamba nao bila kuugusa, na ayoni zenye nguvu hazikuelekezwa tena kwenye ukuta. Tangu hapo wabunifu wanaweza kuupa ukuta na sumaku umbo hilo toka mwanzo. Injini za BPT-4000 ndizo zilizoinusuru setilaiti ya kijeshi ya AEHF-1, ambayo injini yake kuu ya kemikali iligoma baada ya kurushwa Agosti 2010. Ilipandishwa kwa injini ndogo na zile za umeme hadi ikafika Oktoba 2011. Gesi nayo inabadilishwa: zenoni ni adimu na ghali, hivyo setilaiti za Starlink zilianza na kriptoni na kisha arigoni, zikikubali kupoteza sehemu ya ufanisi kwa ajili ya bei.

Limebaki jambo ambalo haliko kwenye injini kabisa, nalo ni kujua mafuta yamebaki kiasi gani. Kwenye hali ya kutokuwa na uzito kimiminika hakikai chini ya tangi, kwa hiyo geji ya kawaida haina kazi. Waongozaji hujumlisha muda wote ambao vali zimefunguka tangu siku ya kwanza, au hupima shinikizo na joto la heli na kukokotoa nafasi iliyobaki, au hulipasha tangi kidogo na kuangalia joto linapanda haraka kiasi gani, kwani tangi lenye mafuta mengi hupata joto polepole. Kila njia ina makosa. Setilaiti ya kemikali tuliyoichukua kama mfano, ikiwa itafanya kazi miaka 15, hubeba jumla ya kilo 1,600 hivi za mafuta. Kosa la asilimia 2 ni kilo 32, mafuta ya mwaka mzima, zaidi ya zile kilo 28 zilizopatikana kwa nozeli bora. Na mwishoni inapaswa kupandishwa kilomita 300 hivi juu ya mzingo wa wenzake ili isiwe kikwazo, kazi inayohitaji kilo 6 tu, ambazo mwongozaji lazima awe na hakika kwamba zipo. Asipokuwa na hakika atalazimika kuistaafisha mapema, ikiwa na mafuta ambayo hakuna atakayeyatumia. Kwa sababu hiyo ningependa kuona fedha zaidi zikienda kwenye vipimo vya tangi, kwa kuwa huko bado kuna miezi mingi ya kazi ambayo dari ya kemia haiigusi.